Milioni za Soweto: swali la mtandaoni lilivyofika altareni

Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Alipopewa nafasi ya kuwasalimu waumini hakuishia kwenye salamu. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na watoto wa utume wa parokia, akatoa milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadre, akaahidi milioni 3 nyingine za nyumba hiyo hiyo, na juu yake basi la parokia. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, akaongeza 200,000. Kwa aliyekulia Kenya, hiyo ni Jumapili ya kawaida kabisa.

Kesho yake haikuwa kawaida. Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitoa taarifa kwamba pesa zote zilizotolewa zirudishwe kwa waliozitoa. Zile milioni 3 za ahadi hazitapokelewa. Basi pia hapana. Alitaja mambo mawili: maagizo ya maaskofu kwamba kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa, na mswada wa mwaka huo kuhusu michango ya hadhara, uliotaka mtu apate kibali kabla ya kuchangisha.

Nilisoma taarifa ile kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, nikairudia mara ya pili kwa sababu sikuamini. Tangu nikiwa mtoto nimeona wanasiasa wakiingia kanisani kwa kuchelewa, wakikalishwa viti vya mbele, wakishika maikrofoni, wakitaja kiasi, na sisi tukipiga makofi. Sijawahi kuona pesa ya Ikulu ikirudi ilikotoka.

Wengi walikipokea kisa hiki kama ujasiri wa askofu mmoja. Ujasiri ulikuwepo, simnyimi haki yake. Lakini mimi naona nyuma ya taarifa ile kuna swali lililozunguka mitandaoni kwa miezi mitano, likichongwa na watu wasiojulikana, mpaka likawa na makali. Ndilo ninalotaka kulichambua hapa: jinsi lilivyojengwa, nani aliulizwa, wapi lilifanikiwa na wapi liliharibiwa na wenyewe walioliuliza.

Mizizi yake

Harambee ni neno letu la uhuru. Limeandikwa kwenye nembo ya taifa. Shule, zahanati na makanisa mengi tunayoyaona yamesimama kwa sababu wanakijiji walileta kuku, mahindi, shilingi kumi kumi. Baadaye mwanasiasa akaligeuza. Mchango ukawa mnada wa sifa: anayetaja kiasi kikubwa ndiye kiongozi, na anayetoa kidogo anakaa nyuma. Sheria zilijaribu kuweka mipaka. Ipo sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003, na ile ya uongozi na uadilifu ya 2012. Zote zinagusa habari ya maafisa kuchangisha. Jumapili iliendelea kama ilivyokuwa.

Makanisa nayo yalijaribu. Septemba 2021, katika sherehe ya kumsimika askofu wa Kianglikana huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, nao wakubwa wakiwa wameketi pale pale. Maaskofu Wakatoliki walitoa msimamo kama huo mwezi huo huo. Lakini angalia kilichozuiwa: ni maneno. Maikrofoni ilinyang'anywa, bahasha ikaachwa. Na tunavyojua sote, mkono mtupu haulambwi.

Kisha ukaja Juni 2024. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, yalianza Nairobi tarehe 18, na tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni huku watu wakipigwa risasi nje. Kufikia tarehe 1 Julai tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Katikati ya siku hizo, Jumapili ya tarehe 23, vijana walipeleka madai yao makanisani chini ya alama ya reli ya OccupyChurch. Walivaa kama waumini kwa sababu wengi wao ni waumini. Walichotaka ni kwamba mwanasiasa asipewe mimbari. Siku hiyo hiyo Rais alikuwa kanisani Nyahururu, na ni hapo aliposema anajivunia vijana na kwamba atazungumza nao.

Hapo swali lilikuwa bado changa. Lilikuwa na hasira nyingi na umbo dogo: "Mbona mnawakaribisha?" Kiongozi wa dini angeweza kulijibu kwa sentensi moja, kwamba nyumba ya Mungu haimfukuzi mtu. Na angekuwa amesema kweli.

Tarehe 5 Julai

Kinachonishangaza kila nikirudia tarehe za kisa hiki ni kwamba mambo mawili makubwa yalitokea siku moja.

La kwanza linakumbukwa na kila mtu. Ijumaa hiyo Rais aliingia kwenye mazungumzo ya sauti ya mubashara kule X, akaulizwa maswali na vijana kwa zaidi ya saa mbili, zaidi ya watu laki moja wakisikiliza. Walimuuliza kuhusu waliouawa, waliotekwa, na maafisa wanaoringa na mali. Kuna aliyemwambia usoni mambo ambayo baba yangu asingethubutu kuyasema hata nyumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa kizazi kilicholelewa chini ya Moi, ile ilikuwa ajabu.

La pili halikupigiwa kelele. Siku hiyo hiyo, katika hotuba ya kubana matumizi ambamo alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali, Rais alisema kwamba kuanzia hapo hakuna afisa wa dola wala mtumishi wa umma atakayeshiriki michango ya hadhara na harambee. Akamwagiza Mwanasheria Mkuu aandae sheria ya kulitekeleza hilo. Ilikuwa kauli fupi, haina kona.

Sasa linganisha. Yale mazungumzo ya saa mbili yalikuwa na joto, yalikuwa na machozi, lakini ukiuliza leo yalizaa nini, utapata shida kutaja kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi. Ndivyo yalivyo maswali ya mdomo kwa mkubwa. Anayeuliza ana dakika moja. Anayejibu ana muda anaoutaka, ana sauti iliyozoea kuongoza kikao, na ana neno la kufungia: nimekusikia, nimelichukua hilo. Muulizaji mwingine anaingia na jambo lake jipya, na lile la kwanza linabaki njiani. Sisemi kikao kile kilikuwa bure. Kiliwaondolea watu woga, na hilo ni jambo kubwa. Lakini hakikumfunga mtu.

Ile kauli ya harambee ilimfunga. Ilikuwa na mwenyewe, tarehe na maneno yasiyo na tafsiri mbili. Watu wakaihifadhi kwenye simu zao.

Swali lilivyopata makali

Kutoka tarehe 5 Julai hadi tarehe 17 Novemba ni siku 135. Katika siku hizo, kila mwanasiasa alipoonekana kanisani na bahasha, ile picha ya hotuba ilirudi. Swali likapungua maneno, likaongezeka nguvu. Kufikia Novemba lilikuwa limebaki mambo matatu tu: ulisema hivi, tarehe hii; umefanya hivi, kiasi hiki; pesa ni za nani?

Kwenye hilo la tatu watu walifanya hesabu, na hesabu haikuhitaji mtaalamu. Mshahara wa Rais wa Kenya unajulikana, ni takriban shilingi milioni 1.4 kwa mwezi kabla ya makato. Alizotoa na kuahidi pale Soweto, ukiacha basi, ni milioni 5.6. Huo ni mshahara wa karibu miezi minne kwa Jumapili moja. Lazima niseme kwa haki kwamba Rais ni mfanyabiashara na mkulima wa siku nyingi, na mtu tajiri ana haki ya kutoa chake. Huenda kila senti ilitoka mfukoni mwake. Lakini aliyekwisha kusema hadharani kwamba maafisa wasishiriki ndiye mwenye mzigo wa kueleza, na kumuuliza hivyo si kumtukana.

Jambo la maana zaidi ni kwamba swali lilibadilisha anayeulizwa. Mwanzoni lote lilimlenga mtoaji. Ukimuuliza mtoaji, ana majibu tele. Kutoa ni moyo. Namtolea Mungu wangu. Sadaka si harambee. Nani atamzuia mtu kumtolea Mungu? Hapo mjadala unahama, unaingia ndani ya moyo wa mtu, mahali ambapo hakuna ushahidi wa upande wowote.

Lakini zawadi ina mikono miwili. Kuna anayenyosha na kuna anayepokea. Anayepokea naye ni mtu wa hadhara: ana cheo, ana ofisi, ana taarifa alizokwisha kutoa. Maaskofu walikuwa na maagizo yao wenyewe yaliyoandikwa. Tena siku tatu kabla ya Soweto, tarehe 14 Novemba, Baraza la Maaskofu Katoliki lilikuwa limetoa tamko zito kuhusu serikali, likilalamikia utamaduni wa uongo, kodi kubwa na utekaji wa watu. Serikali ikajibu kwa ukali. Kwa hiyo siku ya Jumapili swali lilikuwa tayari, na safari hii halikwenda Ikulu. Lilikwenda kwa maaskofu: Alhamisi mmesema anadanganya, Jumapili mnapokea pesa zake?

Hakuna askofu anayeweza kulijibu swali hilo kwa mahubiri. Linajibiwa kwa kitendo, upande mmoja au mwingine. Anyolo alilijibu ndani ya siku moja.

Kwenye jumuiya yetu

Nieleze nililoliona kwa macho. Parokia yetu nayo inajenga nyumba ya mapadre. Tumejenga miaka mingi. Kila jumuiya ndogo ndogo imepangiwa kiasi, na sisi wa jumuiya yetu tunakutana Jumamosi jioni kwa zamu, nyumba hadi nyumba, tunasali rozari, tunasoma somo la kesho, kisha katibu anafungua daftari la mchango. Ni daftari la kurasa mraba, jalada lake limeshikwa na selotepu. Humo mna majina na viasi: 50, 100, 200. Mwaka mmoja kabla ya kisa cha Soweto alikuja mwanasiasa mmoja, sitamtaja, akaahidi mabati yote ya nyumba ile. Tukamshangilia. Tukaacha kuchanga kwa miezi mitatu tukisubiri mabati, na mabati hayakuja.

Jumamosi baada ya taarifa ya Askofu Mkuu tulikutana kwa mama mmoja mjane. Chai ilikuwa tayari, lakini mazungumzo yalianza kabla ya vikombe. Kijana mmoja aliyemaliza chuo alikuwa na picha zote kwenye simu: ya tarehe 5 Julai, ya 14 Novemba, ya 17, ya 18. Akazisoma moja baada ya nyingine. Mzee wetu wa jumuiya hakupendezwa. "Kijana wangu," akamwambia, "viongozi wa dini hawahojiwi kama watu wa sokoni." Yule kijana akajibu kwa adabu, "Sijamhoji Baba Askofu, mzee. Nimesoma tu alichokiandika yeye mwenyewe." Kimya kikaingia.

Kisha mwenye nyumba, mama ambaye sijawahi kumsikia akizungumzia siasa, akauliza swali ambalo mtandaoni sikuwa nimeliona. Alisema: "Siku yule mheshimiwa alipoahidi mabati, jina langu lilikuwa kwenye daftari na mia mbili. Hakuna aliyenipigia makofi. Nilimtolea nani, Mungu au daftari?"

Nadhani hapo ndipo dini yenyewe ilipo ndani ya kisa hiki. Milioni mbili zinapotajwa kwenye maikrofoni, zinampa mwanasiasa sifa, na papo hapo zinamfundisha mjane kwamba mia mbili yake haina uzito. Maneno ya Injili kuhusu mkono wa kushoto kutojua unalofanya mkono wa kuume tunayajua kwa moyo, na tunayasoma kila mwaka tunapoanza Kwaresima.

Lilipoharibika

Sasa nigeukie upande usiopendeza, maana nisipousema nitakuwa nimesimulia kisa nusu.

Pamoja na swali lile safi, mafuriko ya maneno mengine yalishuka. Kwanza ni watu waliodai kuupima wokovu wa Rais. Ruto ni mkristo wa kiinjili anayejitangaza waziwazi. Alianzia kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo chuoni, na kwenye kampeni za 2022 wapinzani walimpachika jina la naibu wa Yesu. Wengi wakaandika kwamba sala zake ni maigizo. Huenda waliona wamemkamata. Kwa maoni yangu walimwokoa. Mtu akisema "huyu hamwamini Mungu", anayeulizwa hana deni la jibu, na wanaomuunga mkono wanapata sababu halali ya kukasirika: imani ya mwenzao imetukanwa. Badala ya kuzungumzia shilingi na tarehe, watu wakazungumzia moyo, na moyo wa mtu hausomeki kwenye simu.

Pili ni vita vya madhehebu. Wakatoliki wenzangu, nasema kwa masikitiko, walijivuna. Wakaanza kuwacheka watu wa makanisa madogo ya mitaani, wakiwaita wezi wote. Wengine wakachukua Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa tangu Aprili 2023, wakaifanya rungu la kumpigia kila mchungaji asiye na kanzu. Ni dhuluma. Mchungaji wa kibanda cha mabati anayezika maskini wa mtaa wake bila malipo hana lolote na Shakahola. Na sisi tulikuwa tumepokea bahasha za wanasiasa kwa miongo mingi kabla ya Askofu Mkuu kusema basi.

Tatu ni kabila, ugonjwa wetu wa zamani. Seneti ilikuwa imemwondoa madarakani naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, tarehe 17 Oktoba, mwezi mmoja kamili kabla ya Soweto. Kwa hiyo kuna walioona kwamba maaskofu wanatumwa na mlima, yaani watu wa eneo la Mlima Kenya anakotoka Gachagua. Ole Sapit, ambaye si Mkatoliki, alipowaunga mkono maaskofu, naye akapangiwa kambi. Mtu akishapangiwa kambi, hoja yake haisomwi tena.

Namkumbuka jirani yetu mwenye duka, Mwislamu, ambaye huwa ananifungia unga kwenye gazeti huku akinisimulia habari. Wiki ile aliniambia, "Ndugu yangu, nyinyi mnagombana juu ya milioni ngapi amepewa nani. Mimi najiuliza, je, nami ni wa nchi hii?" Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayepima uzito. Kwa sensa ya 2019 Waislamu ni karibu asilimia 11 ya Wakenya. Katiba, ibara ya 8, inasema hakutakuwa na dini ya dola. Mjadala wetu wote wa Novemba ulikuwa wa Wakristo na Wakristo, kana kwamba nchi ni parokia yetu. Nilimuuliza, na misikiti je? Akacheka kidogo, akasema futari za wanasiasa mwezi wa Ramadhani wamezila sana, na wao pia inawapasa waulizane. Kisha akanirudishia chenji.

Tangu siku hiyo nalipima kila swali la aina hii kwa kipimo kimoja. Ukiondoa neno "kanisa" ukaweka "msikiti" au "hekalu", ukaondoa jina la Ruto ukaweka la mtu unayempenda, je, swali bado limesimama? Lile la tarehe 5 Julai linasimama. Mengi ya yale mengine yanaanguka.

Baada ya hapo

Je, Rais alijibu? Kwa maneno, alitetea kutoa kwake kama sehemu ya imani. Kwa vitendo, aliendelea. Machi 2025 aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana walipotaka kuandamana hadi pale, polisi wakawatawanya kwa gesi ya machozi. Hapo waumini waliokuja kusali tu walijikuta katikati. Mimi siungi mkono kuwafuata watu kwenye ibada yao. Swali lina njia nyingi za kumfikia askofu au mchungaji bila kumtia hofu mama aliyembeba mtoto kwenda kusali.

Julai 2025 jambo likahama kabisa. Gazeti la Daily Nation lilichapisha michoro ya kanisa linalojengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi, la kuchukua watu 8,000, kwa gharama iliyokadiriwa shilingi bilioni 1.2. Rais alisema analijenga kwa pesa zake, kwamba alikuta pale kanisa la mabati lisilofaa Ikulu, na kwamba hatamwomba mtu msamaha. Safari hii waulizaji walikuwa wamejifunza. Wengi hawakushika tena pesa, maana jibu la pesa alikuwa amekwisha kulitoa. Walishika ardhi. Ikulu ni ya umma. Jengo la dini moja likijengwa pale, litakuwa la nani rais anayefuata akiwa Mwislamu, Mhindu, au mtu asiye na dini? Askofu Mkuu Anyolo mwenyewe alitaka maelezo. Jirani yangu wa duka aliniuliza hilo hilo kabla sijalisoma popote.

Na kuuliza kuna gharama, tusijidanganye. Desemba 2024 tume ya haki za binadamu ilitaja visa 82 vya waliotekwa tangu Juni, wengi wakiwa watu waliosema jambo mtandaoni. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Daktari aliyeuchunguza mwili alikuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Ninapomsikia mtu akisema vijana hawa wanacheza na simu, jina la Ojwang linanijia.

Yule kijana wa jumuiya bado ana zile picha nne. Alizichapisha kwenye karatasi moja, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari la mchango, na mzee wetu hakuitoa. Nyumba ya mapadre imefika kwenye lenta. Jumamosi iliyopita katibu alisoma orodha kama kawaida. Kidogo kabisa kilikuwa shilingi 50, kikubwa kabisa 3,000. Alipofika kwa mama mjane alisoma mia mbili, akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea na jina linalofuata.